Mapitio ya sanduku la kufundishia misitu: hazina yake imo katika kamba na vijiti

Kwa muhula mmoja na nusu nimelitumia sanduku la kufundishia misitu mahali pawili: darasani, pamoja na watoto wa miaka 10 hadi 13, na baadaye katika kikundi cha watu wazima wanaoishi kando ya msitu na kupata humo kuni, nguzo, asali na dawa. Jina la watengenezaji sitalitaja. Masanduku ya aina hii ni mengi na yanafanana, na ninachotaka kukipima ni kama chombo cha namna hii kinaweza kumfikisha mtu kwenye kuelewa jinsi msitu unavyotunzwa huku unatumiwa, jambo ambalo ni gumu kuliko kumfundisha kuupenda.

Vifaa vingi vya elimu ya mazingira vilivyopita mikononi mwangu vina tabia moja: mti huchorwa ukiwa na uso wa kutabasamu, mkata miti huchorwa akiwa adui, na mtoto huondoka akiamini kwamba kukata ni kubaya na kupanda ni kuzuri. Mtoto huyo huyo hurudi nyumbani akakalia kiti cha mbao na kuandika kwenye daftari la karatasi, wala hakuna aliyemwonyesha namna ya kuyaunganisha mambo hayo. Sanduku hili limenivutia kwa kuwa linathubutu kuliingiza shoka ndani ya somo. Swali linaloliongoza kuanzia ukurasa wa kwanza ni miti mingapi inaweza kukatwa, ipi, lini, na kwa uamuzi wa nani. Halikufanikiwa kulijibu kila mahali, na sehemu moja limekosea waziwazi, lakini swali lenyewe ndilo linalostahili kuulizwa.

Ndani yake mna mwongozo wa mwalimu, lenzi za mkono, tepu za kupimia, kamba mbili, kifaa cha kupimia urefu wa mti kilichotengenezwa kwa kipimapembe na uzi wenye uzito, vipande vinne vya shina lililokatwa, trei ya mbao yenye matundu 40 pamoja na vijiti vyake, kadi za picha na bango la kubandika ukutani. Hamna pakiti ya mbegu, na hilo nimelihesabu kuwa sifa. Mbegu zinazotiwa katika vifaa vya namna hii kwa kawaida ni za miti inayokua haraka, zikapelekwa popote bila kujali udongo, maji wala uoto uliokuwepo, na darasa likaamini kwamba kila ardhi isiyo na miti inangoja kupandwa, hata pale ambapo ni mbuga ya nyasi ya asili yenye mimea na wanyama wake.

Nianze na kamba, kwa sababu ndiyo iliyonishangaza. Kila kamba ina urefu wa meta 5.64. Watoto waliuliza mara moja kwa nini haikuwa na meta 5 au 6 kamili, na hapo somo likawa limeanza bila mwalimu kulisukuma. Mtu mmoja anasimama katikati akishika ncha, mwenzake anazunguka na ncha ya pili, na duara linalopatikana lina eneo la meta za mraba 100, yaani sehemu moja ya mia ya hekta. Idadi ya miti iliyomo ikizidishwa kwa 100 inatoa makadirio ya miti kwa hekta. Watoto waliokuwa wakilalamika kila tulipogusa eneo la duara walikaa juani wakikokotoa wenyewe ili kuhakikisha kwamba kamba haidanganyi.

Maelezo ya kupima unene wa mti nayo yameandikwa kwa uangalifu. Tepu huzungushwa kwenye shina kwa kimo cha meta 1.3 kutoka ardhini, kimo kinachotumiwa na wapimaji wa misitu katika nchi nyingi, kisha mzingo hugawanywa kwa 3.14 ili kupata kipenyo. Kwenye mteremko mpimaji husimama upande wa juu, na mti ambao shina lake limepanuka chini kwa mizizi inayosimama kama kuta hupimwa juu ya upanuzi huo. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayofanya vipimo vya mwaka huu viweze kulinganishwa na vya mwaka kesho, na mtoto anayeyazingatia anajifunza kwamba kuujua msitu ni kazi ya mikono na ya subira.

Katika ploti nne za kwanza, yaani maduara yaliyopimwa kwa kamba, watoto walikuta miti 23 yenye kipenyo cha sentimeta 5 au zaidi, sawa na wastani wa miti 575 kwa hekta. Wakaigawa kwa unene: miti 17 ilikuwa na kipenyo cha chini ya sentimeta 10, mitano ilizidi sentimeta 20, na katikati, kati ya sentimeta 10 na 20, ulikuwa mmoja tu. Mwongozo unaeleza kwamba msitu wa asili wenye miti ya umri mbalimbali huwa na michanga mingi, ya kati kiasi, na mikubwa michache, na kwamba pengo katika mpangilio huo ni dalili ya jambo lililotokea. Watoto walilitazama pengo lao wakatoa dhana: moto, wanyama wanaokula miche, ukame. Hakuna aliyetaja binadamu. Jibu lilikuja baadaye, kwa watu wazima, nami nitalifikia.

Hapa kuna upungufu ambao mtumiaji anapaswa kuujua mapema. Mwongozo hausemi namna ya kuchagua mahali pa kuweka ploti. Watoto, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, waliweka ploti zao karibu na njia, ambako kutembea ni rahisi na ambako pia ndiko wakataji hupita. Ploti nne zilizochaguliwa hivyo haziwezi kuusemea msitu mzima. Sentensi mbili zingetosha kueleza kwamba ploti ziwekwe kwa umbali uliopangwa kabla ya kuingia msituni, kwa mfano kila baada ya hatua 50 kwenye mstari ulionyooka, bila kuchagua panapopendeza.

Kifaa cha kupimia urefu hakihitaji maneno mengi: ukirudi nyuma mpaka uone kilele kwa pembe ya digrii 45, umbali wako kutoka kwenye shina, ukiongezewa kimo cha macho yako, ndio urefu wa mti, mradi ardhi iwe tambarare. Kinafanya kazi. Upepo husumbua uzi, basi.

Trei ya matundu 40 ndiyo sababu kubwa ya mimi kulipendekeza sanduku hili. Vijiti 40 vinasimama kama miti. Familia tano zinauzunguka msitu huo, na katika kila raundi kila familia inaweza kuchukua kijiti kimoja, viwili, vitatu, au kuacha. Baada ya uvunaji msitu unakua: kwa kila vijiti vinne vilivyobaki kinaongezwa kimoja, ila trei haiwezi kubeba zaidi ya 40. Katika mchezo wa kwanza washiriki hawaruhusiwi kuzungumza.

Watoto wangu walichukua vitatu vitatu tangu mwanzo. Msitu ukashuka hadi 25, ukakua kufikia 31. Ukashuka hadi 16, ukakua kufikia 20. Ukashuka hadi 5, ukafikia 6. Na raundi ya nne ikaumaliza. Jumla ya mavuno yote ilikuwa vijiti 51. Kisha wakaruhusiwa kuzungumza, na baada ya mabishano ya dakika kumi na tano msichana mmoja aligundua kwamba wakichukua vijiti vinane kwa pamoja, vinabaki 32, vinaongezeka vinane, na trei inajaa tena. Kwa raundi kumi hiyo ni vijiti 80, na msitu bado umesimama mzima.

Utamu wa hesabu hiyo ni kwamba nane haigawanyiki kwa tano. Familia tatu zitapata viwili na mbili zitapata kimoja kimoja, kwa hiyo ni lazima pawe na zamu, na palipo na zamu ni lazima pawe na mtu wa kukumbuka ni nani aliyepata kidogo raundi iliyopita. Watoto walianzisha daftari bila kuambiwa. Waliposhuku kwamba familia moja imejiongezea kijiti, walianzisha mlinzi, kisha wakaulizana mlinzi mwenyewe atalindwa na nani. Elinor Ostrom, mwanazuoni wa siasa wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009 akiwa mwanamke wa kwanza kuipata, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba jamii zinazodumisha rasilimali za pamoja hufanya hivyo kwa mipaka inayojulikana, kanuni zinazolingana na hali ya mahali, ufuatiliaji unaofanywa na watumiaji wenyewe, na adhabu zinazoanza ndogo na kupanda hatua kwa hatua. Alionyesha pia, kwa majaribio, kwamba watu wakiruhusiwa tu kuzungumza huvuna kwa busara zaidi. Yote hayo niliyaona yakizaliwa juu ya meza ya darasa kutoka kwenye vijiti 40, na bado nashangaa kwamba mwongozo haumtaji Ostrom hata mara moja.

Kuna matumizi mengine ya trei ambayo mwongozo umeyaweka katika kisanduku kidogo chini ya ukurasa, nami ningeyapandisha juu. Anza na msitu ulioharibika wenye vijiti 20. Ukitaka ubaki hivyo hivyo, unaweza kuvuna vinne tu kila raundi, nusu ya kile ambacho msitu uliojaa ungekupa. Ukitaka urudi kwenye 40, huna budi kuacha kuvuna kabisa kwa raundi nne: 20 huwa 25, kisha 31, kisha 38, kisha trei hujaa. Swali la nani atakayeweza kukaa raundi nne bila kuni halina jibu ndani ya trei, na ni vyema halina, kwa kuwa ndilo swali linalokwamisha urejeshaji wa misitu mingi duniani.

Sasa niligeukie kosa. Vipande vya shina vilivyomo sandukuni vimetoka kwenye msonobari wa nchi za baridi, na mwongozo unasema kwamba pete moja ya ukuaji ni mwaka mmoja kwa mti wowote, popote ulipo. Hilo si kweli. Pete hujitokeza pale ambapo ukuaji husimama au hupungua kwa msimu, ama kwa baridi ama kwa kiangazi. Msaji, kwa mfano, hutoa pete za kila mwaka zinazosomeka vizuri mahali penye kiangazi kinachojulikana, lakini katika sehemu zenye mvua karibu mwaka mzima miti ya aina nyingi haina pete zinazoeleweka, na ukame wa ghafla katikati ya msimu unaweza kuacha pete ya uongo. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga magoti mbele ya kisiki kwa nusu saa akitafuta pete, akaja kuniambia kwamba lenzi yake ni mbovu. Lenzi ilikuwa nzima. Iliniuma kwamba mtoto mwenye bidii kiasi hicho aliliamini kosa la kitabu kuliko macho yake, na ninawaomba watengenezaji wausahihishe ukurasa huo kabla ya kuchapisha tena.

Ajabu ni kwamba somo la pili linalotumia vipande hivyo hivyo ni miongoni mwa yaliyo bora. Linaonyesha kwamba unene wa mti huongezeka katika tabaka jembamba lililo chini ya gome, kambiamu, na kwamba kwa sababu hiyo msumari uliopigwa kwenye shina hubaki kwenye kimo kilekile miaka yote huku mti ukiendelea kurefuka kwa ncha zake. Linaeleza pia kwa nini kubandua gome kuzunguka shina lote humuua mti hata kama mbao yake haikuguswa: njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini imekatwa. Kwa watu wanaochukua magome kwa ajili ya dawa, maelezo hayo yana faida ya moja kwa moja, kwani yanaonyesha kwa nini kipande chembamba cha wima upande mmoja wa shina si sawa na mkanda unaolizunguka.

Sura ya takwimu ni fupi na ya kuaminika. Inatumia tathmini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020, inayoonyesha kwamba misitu inafunika hekta bilioni 4.06, karibu asilimia 31 ya nchi kavu, na kwamba zaidi ya nusu yake imo katika nchi tano: Urusi, Brazil, Canada, Marekani na China. Nimependa kwamba inatofautisha misitu iliyofyekwa na upungufu halisi baada ya kuhesabu misitu mipya. Kati ya mwaka 2015 na 2020 zilifyekwa hekta milioni 10 kila mwaka, ilhali upungufu halisi kwa muongo wa 2010 hadi 2020 ulikuwa hekta milioni 4.7 kwa mwaka. Anayeisoma namba ya pili peke yake anaweza kudhani kwamba shamba jipya la miti ya aina moja limefidia msitu wa kale uliopotea. Kwa bahati mbaya mwongozo unaishia hapo. Unanukuu fasili ya shirika hilo, kwamba msitu ni eneo linalozidi hekta 0.5 lenye miti inayozidi meta 5 na mwavuli wa majani unaofunika zaidi ya asilimia 10, bila kueleza kwamba shamba la mikalitusi iliyopangwa kwa mistari nalo huingia ndani ya fasili hiyo. Niliwapeleka watoto mahali pote pawili na kamba zao, na tofauti ya hesabu ya aina za miti katika duara moja ilifundisha zaidi ya ukurasa mzima.

Historia iliyotangulia sura hiyo, inayomhusu Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi wa Saxony huko Ujerumani ambaye mwaka 1713 aliandika kwamba kuni za kuyeyushia madini zingekwisha iwapo watu wasingekata kwa kiasi kinacholingana na ukuaji, ni nzuri lakini ndefu mno. Kurasa hizo ningezitoa kwa ajili ya machipukizi ya visiki, upunguzaji wa miti iliyosongamana na miti ya mbegu inayoachwa isimame wakati wa uvunaji, mambo ambayo mwongozo umeyapita kwa aya moja.

Sura ya jamii ndiyo iliyonivunja moyo. Imeandikwa kana kwamba watu wanaoishi kando ya msitu ni darasa kubwa lisilojua lolote: waelimishe, wahamasishe, wabadilishe mtazamo. Bango linaloambatana nayo lina maneno matatu, "Linda mti wako", na picha ya shoka lililopigwa mstari mwekundu, yaani linakana kila kitu ambacho trei imetoka kufundisha. Haitaji mfano wowote wa jamii inayosimamia msitu, ingawa mifano ipo na inajulikana. Nepal, kwa mfano, ilitunga mwaka 1993 sheria ya misitu iliyovipa vikundi vya watumiaji haki ya kusimamia misitu na kunufaika na mazao yake, na vikundi hivyo leo vinahesabiwa kwa maelfu mengi.

Niliiweka sura hiyo kando. Nilipokutana na kikundi cha watu wazima nilipeleka trei, kamba na karatasi ya watoto yenye miti 23. Mzee mmoja aliitazama safu ya katikati, ile yenye mti mmoja, kwa muda usiozidi dakika. "Mwalimu," akasema, "hizo ni nguzo." Unene huo ndio unaofaa kujengea, na ndio unaokatwa. Mama aliyekaa karibu naye akaongeza kwamba zamani nguzo hazikutoka upande huo. Zilianza kukatwa huko baada ya upande wa pili wa msitu kufungwa na watu kuzuiwa kuingia. Kwa sentensi mbili walikuwa wamelijibu swali ambalo watoto walilibeba kwa wiki tatu, na wameeleza jambo ambalo wasimamizi wa misitu hulihangaikia: ukifunga mahali pamoja bila kutoa njia nyingine, ukataji huhama, haukomi.

Mchezo wa vijiti waliucheza kwa uzito mkubwa kuliko watoto, na kwa muda mrefu zaidi. Raundi nne za kuacha kuvuna walizikataa mara moja, kisha wakapendekeza kuigawa trei mara mbili, nusu ipumzike na nusu itumike. Walilalamika, kwa haki, kwamba vijiti vyote ni sawa, wakati msituni mti wa kuni si mti wa nguzo wala si mti wa mzinga. Kwamba hamna moto katika mchezo. Na kwamba hamna mtu wa nje anayekuja usiku. Tuliongeza kijiti cha rangi kwa ajili ya mvunaji asiyealikwa, na mchezo ukabadilika kabisa. Ningependa toleo lijalo liwe na vijiti vya unene tofauti na kadi chache za matukio.

Kuhusu uimara: trei na lenzi zimedumu, namba za tepu zimeanza kufutika, vijiti vitano vimepotea na nafasi yake imechukuliwa na vya kuchonga. Maandishi ya mwongozo ni madogo kwa msomaji mwenye umri.

Shule yenye mwalimu aliye tayari kutoka nje na kusahihisha ukurasa wa pete italifurahia sanduku hili. Anayetafuta kitu cha kuonyesha mara moja kwa mwaka, tarehe 21 Machi, Siku ya Kimataifa ya Misitu, hatapata thamani yake, kwa sababu vipimo vyake huanza kusema vinaporudiwa. Na kikundi cha wananchi hakihitaji sanduku zima.

Hilo la mwisho nimelijua kwa vitendo. Kikundi kiliomba kuliazima, kikalirudisha baada ya mwezi mmoja likiwa na kila kitu isipokuwa kamba moja, ambayo walisema bado wanaitumia. Mwongozo haukuwa umefunguliwa. Juu yake walikuwa wameweka daftari lenye ploti 14, zilizowekwa kila baada ya hatua 50 kwenye mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati ya msitu, na katika kila ukurasa safu ya miti ya sentimeta 10 hadi 20 ilikuwa imepigiwa mstari.